Bahasha Zisirowekwe Majini

Mnamo Novemba 1895 posta ya Unguja ilitoka mikononi mwa serikali ya Uhindi ya Waingereza ikaingia mikononi mwa utawala wa himaya. Stempu mpya hazikuwa tayari. Zikachukuliwa zile zile za Uhindi zenye sura ya Malkia Victoria, zikapelekwa katika kiwanda cha chapa cha Gazeti la Zanzibar, na juu yake likapigwa neno moja: Zanzibar. Kazi ilikuwa ya haraka, na herufi za risasi husomwa kinyume, mithili ya maandishi ndani ya kioo, hata b ikadhaniwa d na d ikadhaniwa b. Mpanga herufi akateleza. Zikatoka stempu zilizoandikwa Zanzidar, nyingine Zanibar, nyingine Zapzibar. Leo stempu ya utelezi huo huthaminiwa mara nyingi zaidi kuliko mwenziwe iliyosema sawasawa, na wako waungwana wa ughaibuni wanaoilinda d hiyo moja ndani ya kasha la chuma.

Kwa hilo pekee hapana ugomvi. Kila fani ina wazimu wake, na mtu aliyewahi kukesha akibishana juu ya mizani moja iliyozidi katika kipande cha utenzi hana haki ya kumcheka mtu aliyekesha na lenzi akihesabu meno ya stempu. Ugomvi uko kwenye beseni.

Wakusanyaji wengi wa visiwani na wa mwambao walifundishwa hivi tangu skuli: ipate bahasha ya zamani, kata pembe yake ya juu yenye stempu, iroweke katika maji ya vuguvugu mpaka gundi ilegee, ivue stempu kwa kibano, ilaze juu ya karatasi inyonywe maji, kisha uitie katika albamu pahali pake. Kile kilichobaki hutupwa. Na kilichobaki ni nini? Ni nusu ya muhuri wa posta, ni anwani, ni jina la mpelekaji, ni mihuri ya nyuma inayoonyesha barua ilipita wapi, na mara nyingine ni barua yenyewe. Katika kasha la bibi kitu kilikaa miaka themanini bila ya kuguswa na mchwa, na kwa robo saa ya maji kikageuka takataka ili ipatikane karatasi moja ndogo ambayo wenziwe wapo kwa maelfu duniani.

Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo la wakusanyaji stempu, nao wana vyama vyao na orodha zao za bei; kurasa za ushairi zinaingiaje? Zinaingia kwa mlango wa mbele. Ushairi wa mwambao haukuishi vitabuni peke yake. Uliishi katika barua. Watu walijibizana kwa beti kutoka Lamu hadi Mombasa, kutoka Mombasa hadi Unguja, na kabla ya posta zilichukuliwa na manahodha na mahamali. Posta ilipokuja zikachukuliwa na posta. Na tangu 1923, lilipoanzishwa gazeti la Mambo Leo huko Dar es Salaam, mashairi yalimiminika kwa mhariri kutoka kila pembe ya Tanganyika na visiwani, kila moja ndani ya bahasha na kila bahasha na stempu yake. Aliyechapishwa alisomwa. Asiyechapishwa, shairi lake likabaki kama lipo katika nakala aliyojiwekea au katika barua aliyomwandikia rafiki. Hizo barua za marafiki ndizo zinazokatwa pembe.

Sasa na itazamwe ni elimu gani inayopotea, kwa sababu anayeirowesha bahasha hudhani anaihifadhi elimu.

Mwaka 1936 Zanzibar iliacha rupia ikaingia katika shilingi ya Afrika Mashariki. Rupia moja ilibadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Kabla ya hapo senti ilikuwa sehemu ya mia ya rupia, na baada ya hapo ikawa sehemu ya mia ya shilingi. Jina likabaki lile lile, thamani ikashuka. Stempu za Sultani Khalifa bin Harub zilizotoka miaka ya 1926 na 1927 na zile za 1936 zinafanana kwa mtu anayepita njia: Sultani ni yule yule, na pambo karibu ni lile lile. Tofauti iko katika neno CENTS. Katika zile za mwanzo herufi zake zina vikucha nchani, na katika zile za 1936 herufi ni kavu, hazina vikucha. Mkusanyaji mzuri huiona tofauti hiyo kwa jicho la mara moja na kuzitenga katika albamu.

Naichukuliwe barua yenye beti kumi za malalamiko juu ya karafuu, haina tarehe, na muhuri wa posta umepakazika wino hata hausomeki. Mwandishi analalama kwamba mkulima hana kauli juu ya mali yake. Je, analalamikia nini? Sheria za karafuu za 1934, au mzozo wa 1937 na 1938, pale wafanyabiashara wa Kihindi walipoigomea karafuu ya Zanzibar? Hiyo ni tofauti kubwa. Katika tukio la kwanza adui wa shairi ni mmoja, katika la pili ni mwingine kabisa, na neno lile lile la fumbo, tuseme kunguru au bepari, hubadilika uso. Vikucha vya herufi katika neno CENTS vinaweza kuwa ndio ushahidi pekee wa kutangulia au kufuatia mwaka 1936. Na ikiwa ndani ya beti imetajwa bei kwa senti, basi bila ya stempu hiyo msomaji hajui hata ni senti ya wapi inayosemwa. Ikitengwa na bahasha, stempu hiyo haimwambii mtu lolote juu ya shairi, na shairi haliambiwi lolote na stempu. Vyote viwili vimekuwa yatima siku moja.

Waama, kazi ya kutambua namna za stempu ni ndugu wa kazi ambayo wapenzi wa tungo za kale wanaiheshimu kupita zote. Mtu anapotaka kuisoma sawasawa Al-Inkishafi, au waadhi aliomuusia Mwana Kupona binti yake mwaka 1858, hukusanya nakala mbalimbali, akazilinganisha, akauliza: neno hili liko hivi katika nakala hii na vile katika ile, nani aliyekosea, mtungaji au mnakili? Nukta imeanguka, au imeongezwa na mkono wa baadaye? Tungo za Muyaka zisingefika mikononi mwa wasomaji wa leo lau si subira ya Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyezikusanya kutoka vinywani mwa wazee wakati Muyaka ameshazikwa zamani, akishirikiana na W. E. Taylor, Hichens akaja kuzichapisha 1940. Subira hiyo ndiyo ile ile ya mtu mwenye lenzi anayeuliza kwa nini kamba katika stempu hii imegusana na tanga na katika ile haikugusana.

Na kamba hiyo ipo kweli. Katika stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika za mwaka 1935, ile ya senti tano ina picha ya jahazi katika Ziwa Viktoria. Mchongo wake ni wa namna mbili. Katika namna moja kamba ya upande wa kushoto haikufika kwenye tanga. Katika nyingine imeungana nalo, na hii ndiyo adimu. Orodha za bei za dunia nzima zimeandika hivyo tu: kamba imeungana, kamba haikuungana. Mwana wa pwani akiambiwa hivyo huuliza swali ambalo orodha haikuliuliza: kamba gani? Henza ina kazi yake na demani ina kazi yake, na kamba isiyofika kwenye tanga haifai kitu katika chombo cha aina yoyote. Namna ya kwanza, kwa jicho la baharia, ndiyo iliyokosewa. Kwa jicho la orodha, hiyo ndiyo ya kawaida, na iliyo sahihi ndiyo ajabu ya kulipiwa fedha. Pana kichekesho hapo ambacho nahodha yeyote wa Kizimkazi angekifurahia.

Kichekesho kikubwa zaidi kimo ndani ya stempu za 1895 zenyewe. Kwa mwenye orodha, Zanzidar ni kosa na Zanzibar ni sahihi. Lakini mtu wa hapa, mwaka huo, akiulizwa anatoka wapi, alisema Unguja au Pemba. Jina la Unguja halikuwahi kukosewa katika stempu hizo kwa sababu halikutiwa. Wala hili si la kulilia sana. Majina ya nchi husafiri na watu wa nje, na hilo la Zanzibar lina ukale na heshima yake. Ni la kukumbushwa tu kila anapotokea mtu kueleza kwa mkazo kuwa herufi d ndiyo kosa pekee lililofanyika siku ile.

Wenye kutetea beseni wana hoja moja nzito, na si haki kuipita. Husema: stempu haitambulikani yote ikiwa imegandamana na bahasha. Karatasi ya stempu nyingi za kikoloni ilitengenezwa ikiwa na alama ndani yake, haionekani ila inapoinuliwa kwenye mwanga, au inapolazwa kifudifudi katika kisahani cheusi na kutiwa tone la benzini. Stempu za Uhindi zilizotumika hapa zina nyota. Stempu za Masultani za mwanzo zina alama ya ua. Baadaye ikaja taji na herufi CA, na tangu 1921 herufi hizo hizo kwa hati ya mkono. Stempu mbili zinaweza kuwa sawa kwa rangi, kwa sura na kwa meno, zikatofautiana kwa alama tu, moja ikawa ya senti tano za leo na nyingine ya mshahara wa mwezi. Bila ya kuivua, mtu atajuaje?

Jawabu ni kwamba mara nyingi hatajua, na asipojua hakipotei kitu isipokuwa tarakimu katika safu ya bei. Alama ya karatasi husaidia kuijua tarehe ya stempu iliyokwisha kutengwa na kila kitu. Stempu iliyo juu ya bahasha ina shahidi bora kuliko huyo: muhuri wa posta, wenye siku, mwezi, mwaka na jina la mji. Muhuri ukifutika, wapo mashahidi wengine ambao hawahitaji maji. Meno huhesabika stempu ikiwa pale pale ilipobandikwa; kipimo chake ni idadi ya vitundu katika sentimita mbili, na kipande cha kadi chenye mistari kinatosha. Aina ya herufi huonekana, na rangi na mchongo huonekana. Hata alama yenyewe, bahasha ikiwa nyembamba na imefunguliwa, mara nyingine hujitokeza taa ikiwekwa ndani. Kuivua stempu ili kuthibitisha tarehe ambayo muhuri umeshaitaja ni sawa na kumfukua maiti ili kuthibitisha jina lililoandikwa juu ya kaburi.

Na maji yenyewe si salama. Wino wa baadhi ya stempu hizo ulitengenezwa makusudi uchuruzike unapoguswa na maji, ili mjanja asiweze kuusafisha muhuri na kuitumia stempu mara ya pili. Kwa hivyo mwenye beseni huiharibu bahasha, kisha huenda akaiharibu na ile stempu aliyoiharibia bahasha.

Lipo na shina la udanganyifu linalostawi katika ardhi hii. Stempu kubwa za rupia za 1908 na 1913, zenye picha ya bandari na za chombo cha tanga, zilifika hadi rupia 200. Hapana barua ya kawaida iliyohitaji fedha hiyo. Thamani za namna hiyo zilifaa zaidi ada za serikali na hati, ambako zilifutwa kwa kalamu. Na kalamu husafishika, kisha ukapigwa muhuri bandia wa posta mahali pake. Vivyo hivyo maneno ya juu ya stempu za 1895: mtu mwenye herufi za risasi na stempu rahisi ya Uhindi anaweza kujitengenezea Zanzidar chumbani mwake. Stempu iliyo peke yake haina wa kuiombea ushahidi. Iliyo juu ya bahasha yake, na muhuri umekamata karatasi zote mbili, ni vigumu zaidi kuidanganyia. Hata kwa mtu asiyejali shairi wala babu, anayetazama soko tu, beseni ni biashara mbovu. Wauzaji wakubwa wa ughaibuni walishalitambua hilo zamani, ndiyo maana bahasha nzima ikawa ghali kuliko stempu yake. Wanaoendelea kuroweka ni wale wale wasiofikiwa na habari, na hao ndio wenye makasha.

Upande wa pili wa ugomvi huu wako wasomi. Hao hawaroweki. Hao hawatazami kabisa. Kwao stempu yenye uso wa Malkia Victoria au Mfalme George ni pingu iliyopakwa gundi, na anayeishughulikia amelishwa kasumba. Hoja hii ina utamu wa jukwaani, na ina sehemu ya ukweli: stempu ilikuwa tangazo la nani anatawala, likipelekwa nyumba kwa nyumba kwa gharama ya mtawaliwa. Lakini tangazo hilo hilo, likichunguzwa, hufichua zaidi kuliko lilivyokusudia.

Kati ya Agosti 1890 na Julai 1891, mtu wa mjini Unguja aliweza kuchagua baina ya posta tatu za wageni: ya Uhindi ya Waingereza, ya Wafaransa, na ya Wajerumani. Kisiwa kimoja, na mashirika matatu yanagombania barua zake. Hilo linasema zaidi juu ya mbio za kugawana Afrika kuliko sura nzima ya kitabu cha skuli. Mjini Mombasa, mwaka 1891, stempu za Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki zilipopungua, maofisa wake walichukua kalamu wakaandika thamani mpya kwa mkono juu ya stempu, wakatia herufi za majina yao: A.D. kwa Andrew Dick mhasibu, A.B. kwa Archibald Brown mtunza fedha. Dola iliyodai kuleta nidhamu na mwanga ilikuwa ikijiendesha kwa kiberiti na kamba, na ushahidi umebaki kwa hati zao wenyewe. Mwaka 1893 Wajerumani walipiga neno PESA juu ya stempu zao, kwa sababu rupia moja ilikuwa na pesa 64 na watu wa pwani hawakukubali kuhesabu kwa kitu kingine. Mwaka 1905 ndipo stempu zikaanza kuhesabiwa kwa hela, na hata neno hilo, heller la Kijerumani, Kiswahili kikalinyang'anya jina kikalifanya lake. Nani basi aliyemlisha mwenziwe?

Na vita vilipokuja, Mafia ikachukuliwa na Waingereza mnamo Januari 1915, na jina la kisiwa likapigwa kwa muhuri wa mkono juu ya stempu za Wajerumani zilizokutwa humo. Wajerumani nao, walipoishiwa stempu ndani ya nchi iliyozingirwa, wakachapisha zao kwa mtambo wa misheni ya Wuga, huko Usambara, mwaka 1916. Meli ikafika na shehena ya stempu kutoka Ujerumani, hizo za Wuga zisitumike. Wakazizika ardhini Morogoro zisichukuliwe na adui, zikafukuliwa 1921. Msomi anayesema kwamba katika karatasi hizi hamna historia ya watu wa hapa, na aulize nani walioshika jembe.

Kisha pana jambo la Masultani wawili marehemu, ambalo mtunzi yeyote wa tenzi angetamani kulibuni. Stempu za kwanza zilizochapwa mahsusi kwa ajili ya Zanzibar zilitoka mwaka 1896 zikiwa na sura ya Sayyid Hamad bin Thuwaini baina ya bendera zake nyekundu. Zilipofika mikononi mwa watu, Sultani mwenyewe ameshafariki, tarehe 25 Agosti. Siku mbili baadaye kasri lilipigwa mizinga ya Waingereza. Watu wakatuma barua kwa uso wa marehemu. Miaka sitini na saba ikapita. Sultani Abdullah bin Khalifa, ambaye sura yake ilikuwa katika stempu za 1961, alifariki Julai 1963, na mrithi wake Jamshid hakuwahi kukaa kitini muda wa kutosha kutolewa mfululizo wa stempu za kawaida kwa sura yake. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yakamkuta marehemu bado yuko posta. Muhuri wa mkono ukachukuliwa, ukatiwa wino mweusi, akapigwa nao usoni: JAMHURI 1964.

Katika muhuri huo orodha za wageni zinaonyesha upungufu wao. Zinaeleza, na ni kweli, kwamba chapa imelala kila namna: iliyonyooka, iliyokwenda mshazari, iliyosimama wima, iliyopinduka kichwa chini. Zinaeleza pia kwamba baadaye kampuni ya Bradbury Wilkinson ya Uingereza ilichapa neno hilo hilo kwa mtambo, safi, kila moja pahali pake. Zinafundisha namna ya kutofautisha ya mkono na ya mtambo, na mafunzo hayo ni mazuri. Lakini zikiufikia upinduko zinasita, kwa kuwa chapa ya mkono hupinduka kwa wepesi na kwa hivyo haistahili bei. Basi bahasha za majuma yale, zenye muhuri uliopinduka na tarehe ya Januari au Februari 1964, zilionekana ni bidhaa ya chini, zikarowekwa kama nyingine. Ndani ya bahasha hizo mlikuwa na barua za watu walioandikiana katika majuma ambayo wengi hawakuthubutu kuandika. Nani alimwandikia nani? Zilikwenda Mombasa, Muscat, London? Ziliandikwa kwa hati za Kiarabu au za Kizungu? Zilifunguliwa njiani zikafungwa tena? Maswali hayo yote yalikuwa na majawabu juu ya karatasi ambayo mtu aliikata kwa mkasi.

Vijana wa leo aghalabu hawawezi kuisoma anwani ya babu yao. Kiswahili kwa hati za Kiarabu kilikuwa ndicho maandishi ya nyumbani kwa karne kadhaa, na katika bahasha za kale ndicho kinachoonekana mara nyingi, nje jina la mtu na la baba yake, jina la mji, kisha kwa mkono wa fulani; na ndani salamu zinazoanza kwa ila jenabi na kuingia katika maneno kwa wabaadahu. Hapana namba ya nyumba wala jina la njia. Karani wa posta alitakiwa awajue watu. Ramani nzima ya jamii imo katika anwani za namna hiyo: nani alikuwa wakala wa nani, duka la nani lilipokea barua za mtaa mzima, mwanamke gani aliandikiwa kwa jina lake na yupi kwa jina la nduguye. Mkusanyaji akiona mistari hiyo asiyoisoma huiita pambo. Mjukuu akiiona asiyoisoma huiuza.

Kwa hiyo lawama isigawiwe kwa mizani iliyo sawa. Mwenye beseni amekosa, lakini walau alitazama. Macho yake yalihesabu meno na kuvitambua vikucha vya herufi, na ujuzi huo ndio utakaohitajika siku bahasha zitakaposomwa. Msomi aliyedharau ndiye aliyemwachia uwanja. Lau wakati ule mwalimu mmoja wa fasihi katika kila skuli angesema kwamba bahasha ni nakala kama nakala nyingine za kale, yenye maandishi, mahali na tarehe, mikasi mingi isingeshikwa.

Kazi iliyobaki si ya kungoja fedha za wafadhili. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka, nyumba iliyowahi kuwa makumbusho ya kisiwa kizima, na tangu siku hiyo hapana mwenye haki ya kusema kwamba kuhifadhi ni kazi ya majengo makubwa peke yake. Bahasha huhifadhika katika kasha kavu, ndani ya karatasi safi, mbali na jua na mbali na mpira wa kufungia, ambao huyeyuka ukaacha doa la kahawia. Kabla ya kuuzwa, na zipo zitakazouzwa kwa kuwa watu wana njaa, ipigwe picha mbele na nyuma, na anwani inakiliwe neno kwa neno na mtu anayezisoma hati hizo. Wenye kuzisoma sawasawa wamebaki wachache na wengi wao ni wazee. Penye stempu, iandikwe namna yake: chapa ya mkono au ya mtambo, CENTS yenye vikucha au kavu, meno mangapi. Alama ya karatasi ikiwa haionekani, iandikwe kuwa haikuonekana. Ndani mkiwa na beti, zinakiliwe pamoja na makosa yake, Zanzidar na yote, na jina la mwenye kasha liwekwe juu kama atapenda, au lifichwe. Orodha kama hiyo ya makasha mia moja, ikipelekwa Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, itakuwa na washairi ndani yake ambao hakuna diwani iliyowahi kuwataja.